Saksafoni ya baritoni: kwa nini noti za chini hugoma, na kwa nini G ya mpiga gitaa ni E yako

Mtu anayeshika saksafoni ya baritoni kwa mara ya kwanza hukutana na mambo mawili ya kumvunja moyo siku hiyohiyo. Noti za chini hazitoki: zinakoroma, zinakwama, au zinaruka juu bila kuombwa. Kisha akijiunga na wenzake, mpiga gitaa anasema "tunaanza G", naye anapiga G, na kinachosikika si G hata kidogo. Hapa Mwanza, wapulizaji wengi wanajifunzia kanisani au kwenye makundi ya tarumbeta za harusi, na majibu wanayopewa huwa mafupi: huna mapafu, au hujui noti. Majibu hayo yote mawili yana kasoro, na yanawakatisha tamaa watu wenye vipaji. Tuyafumbue moja baada ya lingine.

Saksafoni ilibuniwa na Adolphe Sax, Mbelgiji aliyezaliwa Dinant mwaka 1814, na hataza yake aliipata Paris mwaka 1846. Hakubuni chombo kimoja. Alibuni ukoo mzima, kuanzia vidogo vyenye sauti nyembamba hadi vikubwa vya sauti nzito, na leo wanne ndio tunaokutana nao mara nyingi: soprano, alto, tenori na baritoni. Ndani ya ukoo huo aliweka utaratibu wa busara sana, kwamba vidole viwe vilevile kwa wote. Aliyejua kupiga C kwenye alto, akipewa baritoni anaweka vidole palepale na kwenye karatasi anasoma C ileile. Utaratibu huo unamrahisishia mpulizaji maisha, na ndio huohuo unaozaa mkanganyiko na mpiga gitaa. Nitaurudia baadaye, kwa sababu kwanza lazima sauti itoke.

Alto na baritoni ni ndugu wa karibu. Zote zimejengwa kwenye E flati (E iliyoshushwa nusu toni, hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili), ila baritoni iko oktavo nzima chini, yaani kama kutoka do moja hadi do inayofuata chini yake. Ili ishuke hivyo, bomba lake ni refu takriban mara mbili ya lile la alto. Lingenyooshwa lingepita mita mbili, ndiyo maana limekunjwa kule juu karibu na shingo. Alto ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi; baritoni hufika tano au sita. Baritoni nyingi za kisasa zina kitufe cha ziada cha kidole gumba cha kushoto kinachotoa A ya chini kabisa, na hapo hewa ndani ya bomba hutetemeka mara 65 hivi kwa sekunde. Noti ya chini kabisa ya alto ya kawaida hutetemeka kama mara 139.

Tarakimu hizo mbili zina siri ya noti zinazogoma. Saksafoni haitoi sauti kwa sababu upepo umesukumwa kwa nguvu kutoka mdomoni hadi nje. Kinacholia ni hewa iliyomo bombani tayari, ikitikiswa na ridi, yaani kile kipande chembamba cha tete kilichofungwa kwenye kipulizio, sehemu inayoingia mdomoni. Bomba refu lina mtetemo wa polepole, na ridi lazima iachiwe nafasi ya kutikisika polepole vilevile. Ukiiminya kwa taya inakataa mwendo huo na kushika ulio mara mbili yake, nawe unasikia noti imeruka oktavo moja juu. Wanaotoka kwenye alto ndio wanaoteseka zaidi hapa, maana taya zao zimezoea kubana.

Kwa hiyo swali la mapafu limewekwa vibaya. Ni kweli baritoni inakula hewa nyingi kuliko alto, lakini inataka hewa nyingi isiyo na haraka, koo likiwa wazi. Ukimwagilia bustani na kuminya ncha ya mpira, maji yanaruka mbali ila ni machache. Baritoni inataka mpira ulioachiwa. Mpulizaji mwembamba aliyelegeza koo atatoa noti ya chini nzuri kuliko jitu la miraba minne linalobana meno. Hewa ikiisha, vuta nyingine. Tafuta mahali ambapo waimbaji wangepumua ndani ya mstari, upumue hapo bila aibu.

Lipo zoezi moja ninalolipenda kuliko mengine yote, kwa sababu halimwachii mtu nafasi ya kujidanganya. Chomoa kipulizio pamoja na ridi yake, ukipulize peke yake bila chombo, huku programu ya kupimia noti ikiwa wazi kwenye simu. Walimu wengi hutumia vipimo hivi: kipulizio cha alto kitoe sauti iliyo karibu na A ya piano, cha tenori G, cha baritoni D. Ukiona kipulizio cha baritoni kinapiga E au F, unabana. Shusha taya, fungua koo kama unayetaka kusema "oo", mdomo wa chini uwe kama mto wa kulazia ridi, kisha shuka taratibu hadi D. Dakika chache za zoezi hili kila siku zitakusaidia kuliko saa nzima ya kupambana na noti za chini.

Kabla hujajilaumu zaidi, kagua chombo. Hapa ndipo dhuluma kubwa inapofanyika kwa wanaoanza, hasa wanaopewa saksafoni iliyokaa miaka stoo ya kanisa. Baritoni ina pedi zaidi ya ishirini, vile vifuniko vya ngozi vinavyoziba matundu. Ili noti ya chini kabisa itoke, karibu vyote vinatakiwa kuziba barabara kwa wakati mmoja. Pedi moja ya juu ikiacha mwanya mdogo tu, hewa inalichukulia tundu hilo kama limefunguliwa, na kila noti iliyo chini yake inakuwa dhaifu au inakataa. Mwanafunzi anapuliza hadi mishipa inamsimama shingoni, mwalimu anamwambia aongeze pumzi, na kumbe hakuna pumzi ya binadamu inayoweza kuziba tundu.

Kipimo cha haraka ni hiki. Piga noti ya chini inayokusumbua, kisha ukandamize vitufe kwa nguvu kuliko kawaida. Ikitoka ulipokandamiza na ikagoma ulipolegeza, mkosaji ni pedi. Kuijua ni ipi, kata ukanda mwembamba wa karatasi ya sigara, upana wa milimita chache. Ingiza ncha yake kati ya pedi na ukingo wa tundu, funga kitufe kwa nguvu ya kawaida ya kidole, halafu uvute karatasi taratibu. Ikishikwa, pedi inaziba upande huo. Hamia upande wa pili, kisha wa tatu, ukizunguka tundu lote. Palipo na mwanya karatasi itateleza na kutoka yenyewe. Njia nyingine ni kuingiza ndani ya bomba taa za mkanda zinazopinda, zile za volti ndogo, usiku chumba kikiwa giza: funga vitufe, na mwanga utakaochungulia pembeni mwa pedi utakuonyesha mwanya.

Usichukue koleo ukaanza kupinda vyuma mwenyewe. Na usitumie gundi ya haraka. Andika pedi zenye kasoro kwenye karatasi, upeleke chombo kwa fundi anayejua vyombo vya kupuliza. Ukimpa orodha utampunguzia kazi, na gharama pia. Lakini yapo mawili unayoweza kuyamaliza nyumbani. Pedi ya G shapu (G iliyopandishwa nusu toni) na ile ya C shapu ya chini zina tabia ya kunata, kwa hiyo zifutie kwa karatasi kavu. La pili ni shingo. Saksafoni nyingi zina pete ya chuma shingoni inayofungua tundu la oktavo, na watu huikamata hapohapo wakati wa kuunganisha chombo. Ikipinda kidogo tu, tundu linabaki wazi na noti zote za chini zinaruka juu. Tazama kama kifuniko chake kinalala kabisa kidole gumba kinapokuwa hakijabonyeza kitu.

Ukisikia mchemko ndani ya chombo baada ya kupiga kwa muda, usihangaike, hayo ni maji ya pumzi yaliyojikusanya kwenye mkunjo wa juu. Baritoni nyingi zina kitufe kidogo hapo: kifungue, puliza bila kutoa sauti, yatamwagika. Kama hakipo, chomoa shingo, inamisha chombo, na uzungushe hadi yatoke.

Ridi zenyewe hutengenezwa kwa tete linaloitwa kitaalamu Arundo donax, na eneo la Var kusini mwa Ufaransa ndilo lenye sifa kubwa kwa tete hilo. Matete ya ufukweni kwetu yasikushawishi. Kuta zake ni nyembamba mno, na ridi ya baritoni ni pana kuliko zote nilizozitaja. Anayeanza achukue namba 2 au 2.5. Lowanisha ridi mdomoni kabla ya kupiga, na ukimaliza ifute uilaze mahali tambarare ikauke, maana ikiachwa mbichi ndani ya boksi, kwa unyevu huu wa ziwani, itaota ukungu. Kuwa nazo tatu au nne uzipokezane. Ziko pia za plastiki zisizohitaji kulowanishwa. Ni ghali zaidi moja moja, ila zinadumu, na kwa mtu anayepuliza juani kwenye msafara wa harusi naona zinafaa kabisa.

Sasa turudi kwa mpiga gitaa.

Kwenye baritoni, ukipiga noti iliyoandikwa C, kinachosikika kwa wengine ni E flati. Hiyo ndiyo maana ya kusema chombo kiko E flati. Ni bei tuliyolipa ili vidole viwe vilevile kwa ukoo mzima. Kwa hiyo unapoambiwa "kii ya G", yaani wimbo ambao do yake ni G, inabidi utafute noti ambayo kwako ukiipiga itasikika G, nayo ni E. Hesabu yake ni nyepesi: kutoka kwenye noti iliyotajwa, rudi nyuma nusu toni tatu. Mpiga gitaa ataelewa ukimwambia freti tatu. Akisema C, wewe ni A. Akisema F, wewe ni D. D yake ni B yako, na A yake ni F shapu yako. Mpiga tarumbeta akitaka B flati ya piano, wewe unapiga G na unastarehe.

Utaona jambo mara moja. Kila kii inayotajwa, kwako inaongezeka shapu tatu. G ya gitaa ina shapu moja, E yako ina nne. D ina mbili, B yako ina tano. Magitaa yanapenda G, D, A na E, ndiyo maana mpuliza baritoni kwenye bendi ya magitaa anaishi kwenye shapu nyingi, ilhali kitabu cha kujifunzia kilimfundisha C, F na G kwa miezi. Ningekuwa na mwanafunzi mmoja tu hapa Mwanza, ningemfundisha skeli ya E na ya A mapema sana, wiki za mwanzo, kabla vidole havijaanza kuziogopa. B ingefuata.

Waliokulia kwenye kwaya wana mtaji mkubwa ambao mara nyingi hawautumii. Kwaya zetu nyingi zinajifunza kwa solfa, na katika solfa ya kwaya do huhama. Haijali kii ni ipi, inajali do iko wapi. Ukishajua kwamba do ya kwaya ni G, na kwamba do hiyo kwako ni E, basi umemaliza. Kuanzia hapo usihesabu tena noti moja moja. Kwaya ikiimba do, re, mi, wewe unapiga do, re, mi ya E, yaani E, F shapu, G shapu, na mtasikika pamoja. Anayeimba besi kwa solfa tayari anajua mistari mingi ambayo baritoni inaweza kuipiga. Kinachobaki ni vidole. Nasikitika kuona watu wa namna hiyo wakilazimishwa kuanza upya, kana kwamba hawajui muziki.

Tahadhari moja tu kuhusu kinanda. Wapo wapigaji wanaoweka vidole vyao kwenye C daima, kisha wanabonyeza kitufe cha kuhamisha kii ili sauti ipande au ishuke. Ukimwuliza "kii gani?" atakujibu kile vidole vinachofanya, na spika zinatoa kingine. Mwombe apige do peke yake, uipime kwa programu ya simu, ndipo urudi nyuma nusu toni tatu.

Kwa wanaosoma noti za mistari kuna zawadi. Mstari wa besi ulioandikwa kwa ufunguo wa F unaweza kuusoma moja kwa moja kana kwamba umeandikwa kwa ufunguo wa G, mradi uongeze shapu tatu kwenye alama za kii, au upunguze flati tatu. Mstari wa chini kabisa wa ufunguo wa F ni G. Ukiusoma kwa ufunguo wa G ni E, na E yako husikika G, tena kwenye oktavo sahihi. Inabidi kuwa makini tu na shapu na flati zinazojitokeza katikati ya wimbo. Kitabu chochote cha nyimbo chenye sauti ya besi kinageuka kuwa kitabu cha mazoezi ya baritoni.

Jambo lingine linalobishaniwa ni kupanda na kushuka kwa sauti. Utasikia mtu akisema Mwanza iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo vyombo vya kupuliza haviwezi kukaa sawa na vile vya pwani. Kimo hakihusiki. Kasi ya sauti hewani hutegemea joto. Joto likipanda nyuzi kumi, sauti ya chombo cha kupuliza inaweza kupanda karibu theluthi ya nusu toni, huku kinanda kikibaki palepale. Asubuhi yenye upepo wa ziwa, baritoni itakuwa chini. Saa nane mchana ndani ya ukumbi wenye paa la bati, itakuwa juu. Bomba lake ni kubwa, hivyo linachelewa kupata joto kuliko alto. Puliza noti ndefu dakika kumi kabla hujajipima, kisha sogeza kipulizio kwenye ule utepe laini uliozunguka ncha ya shingo ya chombo: kiingize ndani kupandisha sauti, kivute nje kushusha.

Masikio nayo yanahitaji chakula. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa mitetemo 65 kwa sekunde. Unachosikia ni vivuli vya juu vya noti hiyo, na ubongo unajaza kilichokosekana. Mtu aliyeisikiliza baritoni kwenye simu tu hajaisikia, na akianza kuiga sauti hiyo atapuliza sauti nyembamba. Tumia spika kubwa za kanisa au za studio, au angalau spika nzuri za masikioni. Mtafute mpuliza baritoni Harry Carney, aliyekaa na bendi ya jazi ya Duke Ellington kuanzia 1927 hadi Ellington alipofariki mwaka 1974. Aliweza kushikilia noti moja muda mrefu kwa kusukuma hewa iliyo mashavuni huku akivuta nyingine kwa pua. Gerry Mulligan aliunda kundi la watu wanne lisilo na piano huko Los Angeles mwaka 1952, na humo baritoni inasikika nyepesi, inaongea kwa upole. Karibu zaidi na masikio yetu yuko Lekan Animashaun wa Nigeria, aliyepuliza baritoni kwenye bendi za Fela Kuti kwa miaka mingi. Kwake utasikia baritoni ikirudia kifungu kifupi muda mrefu bila kuchoka, na ngoma zikicheza juu yake. Kwa anayetaka kupiga muziki wa dansi ningemwanzishia hapo.

Kuhusu mwili, usitundike chombo hiki kwenye mkanda wa shingoni ukatembea nacho kutoka Kirumba hadi Capri Point. Nunua au shonesha mkanda wa mabegani, unaogawa uzito mgongoni. Ukiwa mazoezini kaa kwenye kiti, chombo kikiegemea ubavu wa kulia, na urefu wa mkanda urekebishwe hadi kipulizio kikujie mdomoni bila wewe kuinama. Mtoto mdogo aanze na alto: vidole ni vilevile, kii ni ileile, na atahama baadaye bila kupoteza kitu. Mtu mzima anayeipenda sauti nzito aanze na baritoni moja kwa moja. Sioni sababu ya kumchelewesha.

Mkianza kupiga pamoja, kaeni chini na mpiga gitaa la besi mgawane kazi. Mkipiga wote mstari uleule wa chini mwanzo hadi mwisho, sauti inakuwa tope. Pale penye gitaa la besi, baritoni ikae na wapulizaji wenzake, ipige kifungu chao oktavo moja chini ya tenori, na ishike mstari wa besi pale tu gitaa linaponyamaza. Kwenye kundi la tarumbeta linalopita barabarani juu ya pikapu, lisilo na umeme wala gitaa, mambo ni tofauti. Hapo mstari wa besi ni wako kama hakuna chombo kingine kizito, na noti fupi zilizokatwa sawasawa na ngoma kubwa zitasikika mbali kuliko ndefu.